Ukumbi wa zamani wa sinema Kisumu: fundi anataka kusawazisha sakafu na kubomoa chumba cha juu. Tumruhusu?

NyarWinam

Habari zenu nyote. Natafuta watu wanaoyajua majumba ya zamani ya sinema, hasa waliowahi kufanya kazi ndani yake.

Kikundi chetu cha maigizo kimepata ukumbi wa kukodi hapa Kisumu, kwenye uchochoro unaotokea Oginga Odinga Street. Si ile sinema ya Tivoli. Huu ni mdogo zaidi, na wengi wanaopita hapo hawajui kwamba ulikuwa sinema, kwa sababu miaka mingi umekuwa godauni la mbolea na mahindi. Mwenye jengo amekubali tulikarabati wenyewe na gharama ikatwe kwenye kodi, mradi tumwonyeshe mpango kabla ya fundi kugusa ukuta.

Fundi amekuja, ameangalia, ana mapendekezo mawili. Kwanza ajaze kifusi ili sakafu ilale sawa, maana inateremka kutoka mlangoni hadi mbele, tofauti ya kama mita moja na nusu kwenye urefu wa mita 20. Upana ni mita 12. Pili abomoe chumba kidogo kilicho juu, nyuma ya ukumbi, kwa kuwa kinakula nafasi na hakina mlango wa kutokea ukumbini. Ni kweli hakina. Unakipanda kwa ngazi ya chuma iliyo nje, upande wa nyuma. Ndani kiko kama selo: kuta nene, dari ya zege, dirisha hakuna. Kuna matundu matano tu ya mraba yanayotazama ukumbini. Juu ya kila tundu pana kipande cha chuma kilichogandia kutu kwenye reli zake, na mabaki ya mnyororo. Darini yamepita mabomba mawili hadi nje ya paa.

Kwa mbele, kona ya jengo imeviringwa, haina pembe. Mistari mitatu ya saruji inaizunguka, na katikati umepanda ukuta mwembamba uliosimama wima kulipita paa, una vishimo vya skrubu kuanzia juu hadi chini. Milango ya wateja ni miwili. Mmoja ni mpana wenye sakafu ya terazo, mwingine mwembamba uko uchochoroni.

Naomba kujua kwa nini chumba kile kilijengwa vile, kipi tukiokoe hata kwa shida, na kama kaunti inaweza kutukatalia. Mimi moyo wangu haukubali kubomoa, lakini siwezi kwenda kwa mwenye jengo na moyo peke yake. Nipeni sababu.

BwanaKokoto

Dada, mimi ni kontrakta na nakwambia la biashara. Ukumbi wenye mteremko haukodishiki kwa harusi, wala matanga, wala ibada ya Jumapili. Watu wanaleta viti vya plastiki na meza, wanataka vikae. Jaza, mwaga slabu ya inchi nne, weka tailisi. Chumba cha juu kikibaki kitakuwa nyumba ya popo. Maigizo peke yake hayatalipa kodi ya katikati ya mji.

OparetaMstaafu

Binti yangu NyarWinam, mwambie huyo fundi aweke nyundo chini kwanza.

Nilikuwa opareta wa projekta mjini humo, baadaye nikahamia Nakuru, na kazi hiyo nimeifanya mpaka jumba la mwisho nililoajiriwa likafunga milango. Ulivyokieleza hicho chumba, nimekiona chote. Ngoja nikupitishe tundu kwa tundu.

Anza na ukuta. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitrati, na nitrati ikishika moto haiombi hewa kwa mtu, kwa sababu inabeba oksijeni yake yenyewe. Ukiimwagia maji inaendelea, ukiifunika blanketi inaendelea, na moshi wake ni sumu. Kwa hiyo Uingereza ilitunga sheria mwaka 1909 kwamba mashine za sinema zikae ndani ya chumba kisichoshika moto, na makoloni yakafuata desturi hiyo hiyo ya ujenzi. Kodak waliacha kutengeneza filamu za nitrati mwaka 1951, lakini wajenzi waliendelea kujenga chumba kwa namna ile ile, na walifanya vizuri. Ndiyo maana dari yako ni ya zege. Ndiyo maana mlango uko nje: moto ukizuka opareta akimbilie nje, na moshi usipate njia ya kuwafuata watu waliokaa ukumbini.

Vile vyuma juu ya matundu ni vizuizi vya moto. Mnyororo wake ulipitia kipande cha madini laini yanayoyeyuka kwa joto dogo, kikaning'inizwa juu ya mashine. Moto ukiwaka, kipande kinayeyuka, mnyororo unaachia, na vyuma vyote vinashuka kwa pamoja bila mtu kugusa kitu. Watazamaji wangeona giza tu kwenye skrini. Mzee wa Kigujarati aliyenifundisha kazi alikuwa akivijaribu kabla ya kila onyesho la kwanza la juma. Alivuta, akasikiliza vikigonga chini, akavipandisha, akapaka mafuta kwenye reli. Hakuna mtu aliyekuwa akimlipa kwa hilo.

Tena tazama milango ya dharura ya huo ukumbi. Ikiwa inafungukia nje, usimruhusu mtu kuigeuza. Tarehe 31 Desemba 1929, katika mji wa Paisley kule Uskoti, rili moja, yaani gurudumu la filamu, ilitoa moshi ndani ya sinema iliyojaa watoto. Moto wenyewe haukumchoma yeyote. Watoto 71 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa, kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa imefungwa. Milango ya sinema zilizojengwa baadaye imebeba fundisho la siku ile, hata kama aliyeichonga hakuambiwa.

Sasa matundu matano. Mashine zilikuwa mbili, kila moja na tundu la mwanga na tundu la jicho la opareta. Hayo ni manne. La tano lilikuwa la projekta ndogo ya vioo vya matangazo: duka la nguo, sabuni, baiskeli, na ile picha ya kuwaomba watu wasivute sigara.

Kwa nini mashine mbili? Rili kubwa ya futi 2,000 inakimbia dakika ishirini na kitu, halafu imekwisha. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa na rili nane au tisa, zikija kwa gari la moshi la usiku kutoka Nairobi ndani ya makopo ya bati. Rili ya kwanza ikiwa mashine ya kushoto, ya pili unaifunga kulia na kusubiri. Macho yako yako kwenye pembe ya juu ya skrini upande wa kulia. Pakitokea nukta ya kwanza, unawasha mota ya mashine inayosubiri. Sekunde kama saba hivi, nukta ya pili. Hapo unafungua huku unafunga kule kwa mkono mmoja, na mtu aliyekaa chini na karanga zake hatambui kwamba mashine imebadilika. Usiku nilioupenda kuliko yote ni ule ambao hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu kule juu.

Mabomba mawili ya darini ni ya moshi wa kaboni. Kabla ya taa za xenoni, mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana huku umeme ukiruka katikati yake. Mwanga ule ni mkali kiasi kwamba tuliutazama kupitia kioo cheusi. Vijiti vinaliwa taratibu, na kazi yako ni kuvisogeza ili pengo lisipanuke, la sivyo uso wa nyota wa sinema unageuka rangi ya kahawia mbele ya ukumbi mzima. Moshi na majivu vilitoka kwa bomba. Mashine mbili, mabomba mawili. Ukiyakata, paa litavuja na hutajua ni kwa nini.

Naomba uende ukatazame kitu kimoja. Mbele kabisa, mahali skrini ilipokuwa, chungulia nyuma ya fremu ya mbao iliyopo. Ukikuta fremu nyingine ya plasta, nyembamba zaidi, iliyokaribia umbo la mraba, basi jumba lako lilijengwa kabla picha pana hazijafika. Picha pana zilianza kuenea Marekani mwaka 1953, na wenye sinema kila mahali wakalazimika kupanua skrini zao. Pia pima nafasi iliyobaki kati ya skrini na ukuta wa nyuma. Hapo ndipo vipaza sauti vilikaa. Skrini yenyewe ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, sauti ikipita katikati ya picha.

RamaniNakuru

Mzee Opareta, asante. Nachora ramani za majengo hapa Nakuru na hakuna aliyewahi kunieleza mnyororo ule namna hiyo.

Nianze na kifusi, BwanaKokoto, kwa heshima. Mita 20 kwa 12, kina kuanzia sifuri hadi mita moja na nusu: hiyo ni mita 180 za ujazo. Kwa lori la tani saba ni safari kama 40 kupita uchochoro wa Kisumu, kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji. Kifusi hicho kitazisukuma kuta za pembeni kutoka ndani, nazo hazikujengwa kuzuia udongo. Kikinyonya maji ya mvua ya Aprili, unyevu utapanda kwenye plasta. Na upande ule wa kuelekea Kano ardhi ni ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo kuongeza tani karibu 300 bila kupima msingi ni jambo la kuogopa. Mkihitaji usawa kwa harusi, tengenezeni jukwaa la mbao la vipande linalosimama juu ya fremu za chuma, mkiliondoa mkitaka. Mteremko ubaki chini yake. Kwa kikundi cha maigizo mteremko ni mali: mtu wa safu ya mwisho anamwona mwigizaji hadi miguuni.

Uso wa jengo aliouelezea NyarWinam ni ule mtindo wa miaka ya 1930 ulioendelea huku kwetu hadi miaka ya 1950. Kona iliyoviringwa, mistari ya kulala, halafu ubapa mmoja wa kusimama wa kubebea jina. Sinema za Odeon za Uingereza, zilizoanza Birmingham mwaka 1930 chini ya Oscar Deutsch, ziliusambaza sana, na jina lenyewe likasafiri hadi Nairobi na Dar es Salaam. Sababu yake ilikuwa ya fedha pia. Saruji laini iliyopakwa rangi nyeupe ni rahisi kuliko mawe ya kuchonga, na usiku taa za neoni zikiwaka, ukuta mtupu ndio unaozionyesha vizuri. Vile vishimo vya skrubu vipigeni picha na kuvipima kimoja kimoja kabla ya kuvijaza. Kutokana na nafasi zake mnaweza kupata idadi ya herufi, pengine hata jina. Walioujua mkono wa kazi ile ni mafundi wa Kipunjabi na Kigujarati, wengine wakiwa wazao wa watu waliokuja na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Viringo la kona kwa plasta, bila kiungo kuonekana, ni kazi ya mtu aliyejua mwiko.

Ukitaka kuona kwamba mtindo huu unaheshimiwa Afrika, tazama Asmara. Cinema Impero ya mwaka 1937 bado imesimama na herufi zake za wima, na mji wenyewe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2017. Zanzibar nako, sinema ya Royal iliyochorwa na J. H. Sinclair iliungua mwaka 1954, ikajengwa tena kwa jina la Majestic. Kwetu, Shan ya Ngara, Nairobi, ilikarabatiwa ikawa Sarakasi Dome, ukumbi wa sanaa. Hoja ya kumpelekea mwenye jengo ndiyo hiyo ya Shan: jengo la sinema limegeuka ukumbi wa maonyesho.

Kuhusu kaunti: chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 mnahitaji idhini ya kubadilisha matumizi kutoka godauni kuwa ukumbi wa watu, na idhini ya kubomoa chochote. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo la umri wowote kuwa turathi, lakini mpaka litangazwe, ulinzi pekee ni nyinyi na mwenye jengo. Mkionyesha filamu kwa umma, kuna leseni ya Bodi ya Filamu pia.

La mwisho ni onyo. Vibao vya dari na vya ukutani vya majumba ya enzi hiyo vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, na paa pia. Msikate kwa msumeno, msifagie vumbi kavu. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka hatari, na kuna watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kuiondoa. Pelekeni kipande kidogo kikapimwe kabla kijana yeyote hajapanda ngazi.

ShangaziLurambi

Nimefurahi kusoma haya. Mimi naweza kueleza milango miwili.

Ule mpana wa terazo ulikuwa wa tiketi za balkoni na viti vya nyuma. Ule wa uchochoroni ulikuwa wa viti vya mbele, chini kabisa ya skrini, tiketi ya bei nafuu. Baba yangu alikuwa karani wa reli Kisumu kabla ya Uhuru, na alituambia mlango wa uchochoroni ndio waliokuwa wakionyeshwa Waafrika, hata mtu akiwa na pesa ya balkoni mfukoni. Zilikuwepo pia filamu ambazo bodi ya ukaguzi ilizikataza kwa Waafrika na kuziruhusu kwa wengine. Sisi tulipokuja kusomea Kisumu, mambo hayo yalikuwa yamekwisha. Jumapili alasiri tuliingia kwa mlango mpana tukiwa tumevaa nguo za kanisani, na familia za Kihindi zimeshika safu nzima na vikapu vya chakula. Tuliimba nyimbo za Kihindi bila kujua maneno.

NyarWinam mwanangu, usiuzibe mlango wa uchochoroni. Watoto wa maigizo waambiwe ulikuwa wa nani.

BwanaKokoto

RamaniNakuru, hesabu ya lori 40 nimeirudia, iko sawa. Kwa uchochoro huo kibali cha kufunga barabara peke yake ni kazi. Jukwaa la vipande linawezekana, fremu za bomba la mraba na plaiwudi ya maji. Dada akitaka nitampigia hesabu ya vifaa.

NyarWinam

Mungu awabariki. Leo nimeenda na tochi na futi.

Mzee, fremu ya pili ipo! Nyuma ya mbao kuna plasta yenye mapambo ya ngazi ngazi pembeni, na ni nyembamba kuliko ile ya mbele. Milango miwili ya pembeni inafungukia nje. Kati ya vile vizuizi vya chuma, kimoja kimeshuka chote na hakipandi. Vishimo vya skrubu tumevipima na kuvichora, na shangazi, mlango wa uchochoroni tutauacha wazi. BwanaKokoto, tafadhali nitumie hiyo hesabu ya jukwaa. Kipande cha dari kimepelekwa kupimwa, hatutagusa kingine mpaka majibu yarudi.

Mwenye jengo amesoma majibu yenu yote kwenye simu yangu. Amesema chumba kisivunjwe kwa sasa, lakini ameuliza kitafanya kazi gani. Tungependa kuonyesha filamu mara moja kwa mwezi. Tuna projekta ya ofisi tuliyopewa. Je, inaweza kukaa kwenye lile tundu la zamani?

OparetaMstaafu

Hiyo fremu ya plasta umenifurahisha nayo, binti yangu. Isafisheni kwa brashi laini tu.

Projekta ya ofisi haitafaa kule juu. Nyingi zake hupanua picha mita moja kwa kila mita moja na nusu ya umbali. Kutoka tundu hadi skrini, ukihesabu na kina cha chumba, una kama mita 22. Picha itatoka na upana wa karibu mita 15, na ukumbi wako una 12. Itamwagika hadi kwenye milango ya pembeni, na hafifu juu ya hayo. Kwa skrini ya mita saba unahitaji lenzi ya masafa, inayotaka umbali mara tatu ya upana wa picha au zaidi kidogo. Projekta za kumbi kubwa zina lenzi za kubadilisha, ulizeni wanaokodisha vifaa vya mikutano. Ulizeni pia kama inaweza kushusha picha bila kuipinda, kwa sababu tundu liko juu na skrini iko chini. Kwa sasa hiyo ya ofisi iwekeni katikati ya ukumbi, mita kumi hivi kutoka kwenye skrini.

Siku mtakapopandisha ya kweli, tumieni mojawapo ya matundu mawili ya mwanga yaliyo karibu na katikati, msitoboe jipya. Tieni kioo safi kisicho na rangi, kwa ajili ya kelele za feni. Kioo hicho kiinamisheni kidogo kwa mbele, kisisimame wima kabisa, la sivyo mwanga unarudi ndani ya lenzi na utaona kivuli cha pili kwenye picha. Kile chuma kilichogoma, kipakeni mafuta ya kulegeza kutu, mkiache usiku kucha, kisha mkigonge kutoka chini kwa kipande cha mbao.